Farasi Waliokwama Kingaru

Barabara ya Uvira kwenda Bukavu inapita katikati ya Sange, katika Kivu Kusini ya Kongo. Hapo kuna pikipiki zilizopakia abiria hadi mwisho wa kiti, baiskeli zilizolemewa magunia, makundi ya ng'ombe yanayotafuta malisho ya bonde la Ruzizi, na akina mama waliobeba mizigo mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Farasi hayumo. Neno lake limefika, tena ni la Kiarabu, lililopanda kutoka pwani pamoja na Kiswahili chenyewe. Mwenye jina ndiye aliyebaki njiani.

Alibaki wapi? Kwa farasi wawili angalau, mahali panajulikana.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alitoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 kumtafuta mmisionari David Livingstone. Alikuwa na punda 27 na farasi wawili. Mmoja, wa rangi ya kijivu, alikuwa farasi wa Kiarabu aliyetolewa zawadi na Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Wa pili, mwekundu, alipewa na Mmarekani aliyeishi Unguja miaka mingi, bwana Goodhue. Watu wa Unguja walikuwa wamemwonya kwamba bara haliweki farasi. Stanley hakusadiki.

Msafara ulipofika kijiji cha Kingaru, mbali sana na Ziwa Tanganyika, yule wa kijivu aliugua akafa. Stanley alimpasua tumbo na kukuta minyoo mifupi, minene, 25, imeng'ang'ania kama ruba. Mzoga ukazikwa karibu na kambi. Hapo mkuu wa kijiji akaja na hasira: nani amempa mgeni ruhusa ya kuzika mnyama katika ardhi yake? Faini ni doti mbili za merikani. Stanley akajibu kwamba askari wake watafukua mzoga, walifukie shimo, na kumwacha farasi juu ya ardhi. Mzee akaona heri alale alipolala. Saa chache baadaye, hata siku haijatimia, na yule mwekundu akafa.

Faini hiyo ina historia ndefu kuliko ugomvi wenyewe. Merikani ni kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani, kikaletwa Unguja na merikebu za Salem, mji wa Massachusetts. Biashara hiyo iliwekewa mkataba mwaka 1833 kati ya Sultani Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Miaka saba baadaye Said alituma merikebu yake, Sultanah, hadi New York. Ilitia nanga mwishoni mwa Aprili 1840 chini ya Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sultani, ambaye wenyeji wa mji walimshangilia na kumchora picha. Kati ya zawadi ambazo Sultani alimpelekea Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria za Marekani zilimkataza rais kupokea zawadi ya mfalme, basi farasi wakauzwa kwa mnada na fedha zikaingia hazina ya taifa.

Farasi wa Said walivuka bahari mbili wakafika salama. Farasi wa mwanawe Barghash hakumaliza hata safari ya majuma machache kutoka Bagamoyo, na kaburi lake likadaiwa malipo kwa nguo ya Marekani.

Kikwazo hakikuwa umbali. Stanley mwenyewe aliandika majina ya nzi aliyoyasikia njiani, chafuo na mbung'o miongoni mwao, na alimpasua farasi wake kwa kutaka kujua kama nzi ndiye mkosaji. Mwaka 1895 ndipo David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alipoonyesha huko Zululand kwamba mbung'o hubeba vijidudu vya nagana, maradhi yanayoua mifugo. Ndugu wa vijidudu hivyo huleta malale kwa binadamu, ugonjwa ulioua watu wengi kandokando ya Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20. Farasi anakabiliwa pia na ugonjwa wake mwenyewe, unaoenezwa na visubi. Katika njia ya kati, ile ya misafara kutoka Bagamoyo hadi ziwani, maadui wote hao walikuwa wanamsubiri.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alijaribu dawa nyingine. Mwaka 1879 aligharimia tembo wanne kutoka India, walioshushwa Msasani karibu na Dar es Salaam chini ya Kapteni Carter. Walipaswa kufika Karema, kituo cha kwanza cha wajumbe wake kwenye ziwa. Alifika mmoja tu. Mwaka uliofuata Carter aliuawa bara, na jaribio hilo likaishia hapo.

Basi mzigo ukarudi mabegani. Wapagazi wa Kinyamwezi na wenzao waliubeba ulimwengu wote wa karne ile, pembe, shaba, risasi, merikani, na hata wazungu wagonjwa: msafiri Mwingereza Richard Burton alibebwa kwa machela alipokuwa hawezi kutembea. Vitabu vimehifadhi rangi ya farasi wa Stanley, lakini wengi wa watu waliofanya kazi ya farasi hao waliandikwa kwa idadi tu. Huo ni upungufu unaouma, na mwanahistoria wa Kivu hana budi kuuona.

Kwingineko farasi alipata bahati. Nyanda za juu za Kenya, zenye baridi na mbung'o wachache, zilimpokea. Huko Njoro alikulia Beryl Markham, aliyepata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa bado msichana, na ambaye farasi jike Wise Child, mwenye miguu mibovu, alimpa ushindi wa mbio za Kenya St Leger mwaka 1926. Pamoja naye alikuwa arap Ruta, rafiki wa utotoni ambaye zamani aliitwa Kibii, aliyewajua farasi hao kama ndugu zake.

Ulaya nako, jaribio la kijeshi la kupima uvumilivu wa farasi limegeuka mchezo wa siku kadhaa: utii uwanjani, mbio za nyikani zenye vizuizi, kisha kuruka. Uliingia Olimpiki mwaka 1912, wakati huo kwa maafisa wa jeshi tu. Mwaka 1964 huko Tokyo, Mmarekani Lana du Pont akawa mwanamke wa kwanza kuushindania, juu ya farasi Mr. Wister. Walianguka mara mbili katika matope, wakainuka, wakamaliza, na timu ya Marekani ikapata medali ya fedha.

Stanley naye alimaliza safari yake, ila bila farasi. Novemba 1871 yeye na Livingstone walitoka Ujiji wakapiga makasia kuelekea kaskazini, kujua kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Walikuta inaingia, ikishuka na maji ya bonde hili la Sange. Burton na mwenzake Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858, nao kwa mitumbwi, baada ya wengi wa punda wao kufa njiani.