Ruta ya Nyumbani na Usambazaji wa Wi-Fi

Ruta ya nyumbani ni chombo kinachounganisha simu, kompyuta, televisheni na vifaa vingine vya nyumba moja na intaneti inayoingia kwa waya wa faiba, kwa waya wa shaba au kwa mawimbi ya minara ya simu. Ndani ya kasha lake mna vyombo vitatu vilivyokusanywa pamoja: ruta yenyewe, inayoamua kila fungu la data lielekee kifaa kipi, swichi, yaani matundu ya kuchomekea nyaya za Etheneti, na kituo kidogo cha redio kinachorusha na kupokea mawimbi ya Wi-Fi. Mtandao unaposhindwa kushika chumbani, mara nyingi sehemu yenye tatizo ni hiyo ya tatu peke yake, ingawa wenye nyumba wengi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi, ambacho hakiwezi kuponya maradhi hayo.

Wi-Fi hufuata kanuni za kiufundi zijulikanazo kwa namba 802.11, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1997 na taasisi ya wahandisi ya IEEE, wakati kasi yake ya juu ilikuwa megabiti 2 tu kwa sekunde. Tangu 2018 vizazi vyake huitwa kwa namba rahisi: Wi-Fi 4 ni kile cha mwaka 2009, Wi-Fi 5 cha 2013, kisha vikafuata Wi-Fi 6 na Wi-Fi 7. Katika Afrika Mashariki kipindi hichohicho kilileta mabadiliko mengine, kwani mwaka 2009 mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani, eneo ambalo hadi hapo lilitegemea zaidi setilaiti ghali na za polepole. Faiba ilipoanza kuingia majumbani, kikwazo cha kasi, ambacho zamani kilikuwa nje, katika maeneo mengi kilihamia ndani ya nyumba.

Ruta nyingi za sasa hutumia masafa mawili. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, nayo hupenya kuta vizuri zaidi, lakini nafasi yake ni finyu: kati ya chaneli zake, yaani njia ndogondogo zilizogawanywa ndani ya masafa hayo, ni tatu tu, namba 1, 6 na 11, zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Ndiyo sababu katika majengo ya ghorofa, ambako kila mlango una ruta yake, masafa hayo husongamana, na tanuri la mikrowevu, linalofanya kazi karibu na masafa hayohayo, huweza kuyavuruga linapowashwa. Mawimbi ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi zaidi, ila hudhoofika upesi yanapokutana na ukuta. Ruta yenye masafa ya 2.4 peke yake haifai kununuliwa tena, hata kwa bei ya chini.

Uwezo wa ukuta kuzuia mawimbi hutegemea vilivyomo ndani yake. Mbao na jasi hupitisha sehemu kubwa; matofali hupunguza; zege lenye nondo hupunguza zaidi; mabati na vioo vya kujitazamia hurudisha mawimbi yalikotoka; na maji huyameza, hivyo ruta isiwekwe nyuma ya tangi. Mfano mgumu kuliko yote ni nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene mno. Katika nyumba ya Lamu upana wa chumba uliwekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, kwa hiyo misana, yaani vyumba virefu vyembamba, imepangwa mmoja nyuma ya mwingine, na wimbi linalotoka mbele kwenda nyuma hulazimika kupenya ukuta mnene kila baada ya hatua chache. Katika nyumba ya namna hiyo njia bora ya mawimbi ni kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu, na ruta inayotazama kiwanda kupitia mlango huhudumia vyumba ambavyo isingevifikia kamwe kama ingefungwa sebuleni karibu na barabara.

Wengi hudhani kwamba dawa ni ruta yenye nguvu au antena nyingi zaidi. Mawasiliano ya Wi-Fi, hata hivyo, huenda pande mbili, kwa sababu simu nayo hulazimika kujibu ruta kila mara, na redio ya simu ni dhaifu kwa kuwa hutegemea betri ndogo. Ruta ikipaza sauti bila kuweza kuisikia simu, alama ya mtandao itaonekana imejaa huku ukurasa ukikataa kufunguka. Aidha, mamlaka za mawasiliano, kama TCRA nchini Tanzania na CA nchini Kenya, husimamia vifaa vya redio vinavyoingizwa sokoni, na nguvu ya kurushia mawimbi ina ukomo wa kisheria.

Hatua ya kwanza, basi, ni kupima. Kasi ipimwe kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, kisha kwa simu ikiwa karibu, kisha chumbani. Ikiwa ndogo hata kwa waya, kasoro iko kwenye laini au kifurushi. Ikiwa nzuri karibu na mbovu chumbani, kasoro ni ya usambazaji. Hapo ruta ihamishiwe katikati ya nyumba, juu ya kimo cha mtu, mbali na kabati la chuma. Antena ya kijiti hurusha mawimbi zaidi kwa ubavu kuliko kwa ncha, hivyo katika nyumba ya ghorofa inafaa moja ilazwe na nyingine isimamishwe. Ruta ya laini ya simu ina mgongano wake wa pekee: mahali inapopokea mnara vizuri, kwa kawaida dirishani, si mahali pazuri pa kugawia mtandao. Suluhisho ni kuiacha dirishani na kuvuta waya hadi kituo kingine cha Wi-Fi kilichowekwa ndani.

Waya huo ndio kiini cha jambo lote. Kikuza mawimbi cha bei nafuu chenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu, kwa hiyo hupoteza takriban nusu ya kasi, na kikiwekwa pale ambapo mtandao umekwisha kufifia hakina cha kukuza. Mfumo wa meshi, ambao vituo vyake kadhaa hushirikiana chini ya jina moja la mtandao, ni bora zaidi, lakini nao hudhoofika vituo vyake vikitenganishwa na ukuta wa mawe. Waya wa Etheneti wa daraja la 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100 bila kujali ukuta, na fundi akipitisha mmoja tu kuelekea kituo cha pili, nyumba hupata nafuu ambayo ruta ghali pekee haiwezi kuileta.

Katika kuchagua, mnunuzi aangalie kwanza namna intaneti inavyoingia kwake, kisha masafa mawili, matundu ya Etheneti ya gigabiti na ulinzi wa WPA2 au, ikiwezekana, WPA3, uliotangazwa mwaka 2018. Ruta nyingi hutumia volti 12, hivyo penye umeme wa kukatikakatika betri ndogo ya akiba ya volti hizo hutosha kuiwasha ruta kwa saa kadhaa. Nywila ya kiwandani ya kuingilia mipangilio ibadilishwe siku ya kwanza. Zaidi ya yote, mtengenezaji awe bado anatoa masasisho ya programu ya chombo hicho, kwa kuwa ruta iliyoachwa bila masasisho hubaki na mianya inayojulikana kwa wadukuzi. Ruta ya aina hiyo ibadilishwe hata kama mtandao wake bado unashika vizuri.