Siguatera, na Jina la Maumivu Yanayobaki

Mkazi wa mji wa Meru, aliye mbali na bahari kwa safari ya siku nzima, hana sababu kubwa ya kuwazia siguatera. Samaki anaowajua ni tilapia, kambare na omena. Tangu mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulipochimba mabwawa ya samaki mwaka 2009, na kiwanda kidogo kikajengwa Kanyakine, watu wengi wa Meru na Embu ambao mababu zao hawakugusa samaki wamezoea kumweka mezani. Samaki wa mabwawa hayo hawabebi sumu ninayoieleza hapa. Akina mama wanaouza tilapia sokoni Gakoromone wasinyooshewe kidole kwa sababu ya makala haya.

Lakini watu wa Meru husafiri. Miraa ya Nyambene huteremka Mombasa, Malindi na Lamu, na wauzaji wake hufuata mzigo. Wako walimu, askari, mabaharia na wafanyakazi wa hoteli waliozaliwa miteremkoni mwa Mlima Kenya na ambao hula kinacholiwa pwani na visiwani. Siguatera ni ugonjwa unaoweza kupanda basi pamoja na mtu na kufika naye nyumbani, ukamkalia wiki au miezi mbele ya daktari ambaye hajawahi kuuona. Hapo ndipo suala la jina linapoanza kuwa suala la tiba.

Kwanza maana. Siguatera humpata mtu aliyekula samaki wa miamba ya matumbawe katika bahari ya joto, samaki aliyebeba sumu ambayo hakuitengeneza yeye. Chanzo chake ni kiumbe cha seli moja kinachoitwa Gambierdiscus, kinachoishi juu ya mwani na juu ya matumbawe yaliyokufa. Takeshi Yasumoto wa Japani na wenzake ndio waliokitambua mwaka 1977 katika visiwa vya Gambier, Polinesia ya Ufaransa, na jina lake limetoka huko. Samaki wadogo hutafuna mwani pamoja na viumbe hao, samaki wakubwa huwala wadogo, na kila hatua sumu inazidi kulimbikana na kubadilika kuwa kali zaidi. Kwa hiyo wanaoogopwa ni wale wawindaji wakubwa wa mwambani: chewa, mzia, mkunga, na baadhi ya jamii ya changu. Samaki mwenyewe ana afya. Hanuki, hana doa, ladha yake ni ileile. Umchemshe, umkaange, umkaushe kwa chumvi au umgandishe kwa barafu, sumu inabaki ilivyo, na iliyo nyingi zaidi hukaa kwenye kichwa, maini, matumbo na mayai.

Saa chache baada ya kula, tumbo husokota, mtu akatapika na kuhara. Hilo hupita kwa siku moja au mbili, na wengi hudhani wamepona. Kisha mishipa ya fahamu huanza kusema. Midomo na ncha za vidole hufa ganzi, ngozi huwasha bila upele, viungo huuma, meno huhisi kana kwamba yamelegea, mdomoni kuna ladha ya chuma. Wengine mapigo ya moyo hupungua. Vifo ni vichache sana, chini ya mmoja kwa kila wagonjwa elfu, na pengine ndiyo maana ugonjwa huu hupewa uzito mdogo kuliko unavyostahili. Kwa kawaida hauui, lakini hauondoki upesi. Walio wengi hupata nafuu ndani ya siku au wiki, ila wako wanaobaki na uchovu, ganzi, mwasho, usingizi mbovu na huzuni kwa miezi, na wachache kwa miaka.

Dalili inayoutambulisha zaidi ni ile ya baridi. Mgonjwa akishika kitu cha baridi huhisi kinaunguza. Sumu ya siguatera hushika milango midogo ya sodiamu iliyo kwenye neva na kuizuia isifunge sawasawa, hivyo neva hupiga kelele pasipo sababu, na baridi ya kawaida hufika kwenye ubongo ikiwa ni maumivu makali. Mtu wa Mombasa mwenye dalili hii ataona taabu akinywa soda ya barafu, lakini anaweza kuiepuka. Mtu wa Meru ataepuka nini? Mji uko juu, miezi ya Juni hadi Agosti huja na ukungu na manyunyu, na maji ya bomba ya alfajiri yanashuka kutoka mlimani. Kunawa uso, kufua, kukamua ng'ombe, kuosha mboga za kupeleka sokoni, yote ni kugusa moto usioonekana. Nimesisitiza jambo hili kwa sababu maandishi mengi ya kitabibu hulitaja kwa mstari mmoja tu, kama alama ya kumsaidia daktari kutambua ugonjwa, na si kama maisha ya mtu.

Dalili hiyo inahitaji jina la Kiswahili, na napendekeza mchonyoto wa baridi. Kuchonyota ni kuuma kwa ukali wa kuwasha, jinsi kidonda kinavyouma kikiguswa na chumvi. Tukisema "maumivu ya baridi" tutaeleweka kuwa ni baridi yabisi, ugonjwa mwingine kabisa, na tukisema "homa ya baridi" mgonjwa atapimwa malaria. Mchonyoto hauelekei huko wala huko. Anayeandika vijikaratasi vya ushauri aangalie na mtego mwingine: kwa Kiswahili samaki wa mito, maziwa na mabwawa huitwa samaki wa maji baridi. Ukimwambia mgonjwa wa namna hii "epuka maji baridi, lakini samaki wa maji baridi hana sumu hii", umemchanganya. Afadhali useme samaki wa bwawa, wa mto au wa ziwa.

Na jina la ugonjwa wenyewe? Neno siguatera lilianzia Cuba, kwa konokono wa baharini waliyemwita cigua, ambaye watu walidhani ndiye aliyewadhuru. Antonio Parra, Mreno aliyeishi Havana, aliliandika mwaka 1787 akieleza sumu ya samaki. Konokono hana hatia tena, lakini jina limebaki, na sasa linatumika kuanzia Karibiani hadi Pasifiki, na katika bahari yetu wenyewe, Mauritius na Réunion, ambako ugonjwa huu unajulikana vizuri.

Wapo watakaotaka neno la asili. Wana mfano mzuri wa kuutazama: sumukuvu. Neno hilo, linalotumika Tanzania kwa sumu ya kuvu wa mahindi na karanga, limeundwa kwa ustadi. Linataja chanzo, linataja kitu, na mkulima akilisikia mara ya kwanza anajua afanye nini: akaushe mahindi, ayaweke pasipo unyevu. Hapa kwetu tunalia na aflatoksini, ndiyo sumukuvu hiyohiyo, tangu mwaka 2004, walipougua watu 317 mashariki mwa Kenya na 125 kati yao wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Wauzaji wa nafaka wa Gakoromone wanajua vizuri mahindi yenye kuvu yanavyoweza kufunga biashara. Sumukuvu ni jina linalosaidia hata sokoni, maana linaonyesha kosa liko kwenye uhifadhi, si kwenye mahindi yenyewe.

Je, tuunde sumumwani kwa mfano huo? Nakataa. Gambierdiscus si mwani. Huishi juu yake tu. Na mwani ni kazi ya watu. Akina mama wa Kibuyuni kule Kwale, na wa Paje na vijiji vingine vya Zanzibar, huupanda, huukausha na kuuza, wengine huufanya sabuni. Jina moja ovyo linaweza kuwaharibia soko. Sumusamaki nalo ni pana mno, na hili ni kosa la kitabibu, si la lugha pekee. Samaki wana njia nyingi za kumdhuru mlaji. Bunju ana sumu yake, inayolegeza misuli hadi pumzi kukatika ndani ya saa chache. Wavuvi wa pwani wanamjua. Jodari na vibua walioachwa juani hutoa histamini, mtu akavimba na kuwa mwekundu, kisha akapoa siku hiyohiyo. Mwaka 1993 huko Manakara, Madagaska, watu 188 waliugua kwa kula nyama ya papa mmoja, karibu thuluthi yao wakafa, na wataalamu wakakuta sumu nyingine. Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024, nyama ya kasa, ambaye si samaki lakini hutoka bahari hiyohiyo, iliua watu 9, wanane kati yao watoto. Ukiyaweka yote haya chini ya neno moja, daktari hana pa kushika.

Kwa hiyo nachukua siguatera liwe jina la ugonjwa, kwa tahajia yetu, na maelezo yake ya kudumu yawe sumu ya samaki wa miamba. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayofanya kazi ambayo kuvu hufanya katika sumukuvu: yanamwambia mtu ni samaki gani na wa wapi, na yanamwacha tilapia wa bwawani na heshima yake.

Kitenzi pia kina uzito wake. Watu wetu husema fulani "amelishwa sumu". Katika umbo hilo kuna mtendaji, kuna aliyelisha. Mgonjwa anayerudi nyumbani akilalamika kwamba maji yanamchoma, ambaye vipimo vya damu havionyeshi kitu, ambaye hana homa wala kidonda, tayari yuko karibu na uvumi wa kurogwa au wa kuwekewa kitu na mwenzake wa kazi. Nimesikia familia zikivunjika kwa maneno mepesi kuliko hayo. Aandikwe kuwa alikula samaki mwenye sumu. Kitendo ni chake, kosa si la mtu, na hata muuza samaki hakuwa na namna ya kujua.

Kazi ngumu zaidi ni kukipa jina kile kinachobaki baada ya tumbo kutulia. Mazoea yetu ni kusema ugonjwa sugu. Lakini sugu lina ugumu ndani yake, na siku hizi limehamia pia kwa vijidudu visivyosikia dawa. Mgonjwa akiambiwa ana siguatera sugu anaweza kudhani dawa zimeshindwa, ilhali hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii tangu mwanzo. Jina athari za kudumu ni baya zaidi: linamhukumu maisha mtu ambaye yamkini atapona. Athari endelevu nimeliona likitumiwa kwa magonjwa mengine, na linaumiza sikio, kwa kuwa endelevu tumelitenga kwa mambo tunayotaka yaendelee, kama kilimo na misitu. Lililo kweli ni athari za muda mrefu. Linasema muda bila kuapa juu ya mwisho wake. Tulilizoea kidogo baada ya UVIKO-19, na wagonjwa wa siguatera wana mengi ya kushirikiana na wale: kutoaminiwa, vipimo visafi, mwili usiotii.

Kuna na kurudi kwa dalili, ambako naona kuitwe mrejeo. Mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu huweza kurudishwa nyuma na pombe, na kula tena samaki hata asiye na sumu, na kafeini, na njugu na jamii yake, na kazi nzito ya mwili. Wagonjwa wengine wametaja nyama ya kuku na ya nguruwe. Madaktari hushauri vitu hivyo viepukwe kwa miezi mitatu hadi sita. Sasa peleka ushauri huo Meru na Embu. Hii ni nchi ya kahawa, chai na makadamia. Mtu analima kahawa, anakunywa chai asubuhi, mchana na jioni, anatafuna makadamia chini ya mti wake, na kazi yake ni jembe. Kijikaratasi kilichotafsiriwa neno kwa neno kitasema "epuka kafeini na karanga", naye hatajua kwamba chai yake ina kafeini wala kwamba makadamia yamo. Tafsiri nzuri itasema: acha kahawa na chai ya majani, acha njugu, korosho na makadamia, pumzika shambani, usinywe pombe, na usile samaki yeyote kwa sasa, hata wa bwawa, ijapokuwa huyo wa bwawa siye aliyekudhuru. Kwa mama anayenyonyesha iongezwe kwamba sumu imewahi kupita kwenye maziwa, amwone daktari mapema.

Kuhusu dawa, manitoli ilipigiwa debe sana baada ya matumaini yaliyotoka Visiwa vya Marshall mwaka 1988. Jaribio la Visiwa vya Cook lililochapishwa mwaka 2002 halikuona ubora wake juu ya maji ya chumvi ya kawaida ya kutundikiwa. Kinachobaki ni kutuliza: dawa za maumivu ya neva kama amitriptilini, za mwasho, usingizi, na maji ya uvuguvugu ya kunawia. Hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachothibitisha ugonjwa kwa mgonjwa. Unatambuliwa kwa maswali, na maswali ni lugha. Muuguzi wa Meru akiuliza tu "umekula nini jana?" hatapata jibu, maana samaki aliliwa mwezi uliopita. Aulize hivi: kabla hujaanza kuumwa, ulikwenda pwani au visiwani? Ulikula samaki wa baharini, mkubwa, wa mwambani? Wenzako waliokula naye waliugua? Maji baridi yanakuchonyota? Majibu yakiwa ndiyo, aandike kwenye faili siguatera, athari za muda mrefu, na tarehe ya ule mlo.