Kitenzi "Kufunga" katika Huduma ya Kwanza

Istilahi huduma ya kwanza imekwisha kukaa katika lugha yetu. Linalotutatiza ni neno dogo zaidi, yaani kitenzi kufunga.

Usukumani mafunzo ya dharura hayakuanzia shuleni. Bayeye, chama cha wacheza nyoka, walikuwa wakiwafundisha wanachama wapya dawa za sumu ya nyoka kabla Baraza la Kiswahili la Taifa halijaundwa mwaka 1967, na kabla redio haijawakusanya watu wazima katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973.

Leo mwanafunzi wa Bariadi, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu, akiambiwa "funga mguu" ataelewa nini? Kidonda hufungwa kitambaa. Mfupa uliovunjika hufungwa banzi. Na mguu ulioumwa na nyoka, kwa mazoea ya zamani, hufungwa kamba juu ya jeraha. Hilo la mwisho ndilo matabibu wanalolikataza, pamoja na kuchanja na kufyonza: kamba huzuia damu, na nyama yaweza kufa. Mguu hutulizwa usitikisike, na mgonjwa akabebwa upesi hadi hospitali.

Kumbe tunalo jina gango, ndugu wa ganga na mganga, nasi twalitumia kwa nadra mno! Mwandishi angependa vitabu viseme kutia gango penye mfupa, na kuzungushia kitambaa penye kidonda. Kukaza kamba kubakie kwa damu nyingi isiyozuilika kwa kukandamiza. Penye nyoka kusitajwe ila kwa kukatazwa.