Mkonge wa Tanga: Tani Zilihesabiwa, Watu Je?

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, na hakuna nchi iliyoizidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Habari za tani hizo zimeandikwa zaidi kuliko za waliokata majani.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 kutoka Florida na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kufikia uhuru, mashamba ya mkonge yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000, wakiwemo manamba kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Ruanda-Urundi, walioandikishwa kwa mkataba na kusafirishwa hadi shambani.

Ajira yao ilipimwa kwa kipande, kadi ya siku 30. Mkataji alipewa idadi ya mafungu, kila fungu majani 30, ayakate, ayafunge, ayapange yakisubiri kwenda korona, mashine ya kutoa nyuzi. Akiyamaliza, siku yake inatiwa alama. Asipoyamaliza, hana siku. Mshahara ulitoka kipande kikijaa, hata kama mwezi ulishapita zamani.

Bei zikianguka, utaratibu huo ulimfaa mwenye shamba. Katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 mishahara ilikatwa, na manamba asiyehitajika alirudi kwao. Kwenye vitabu vya mashamba, wasio na kazi hawakuonekana. Shida ilihamia vijijini, ambako hakukuwa na karani wa kuiandika.

Anguko la baada ya uhuru halikuwa hivyo. Katikati ya miaka ya 1960 bei ilianza kuporomoka, huku kamba za plastiki zikinyang'anya katani soko lake kubwa, kamba za kufungia majani makavu ya mifugo Ulaya na Marekani. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikatwaa mashamba mengi. Wapo wanaoulaumu utaifishaji peke yake. Kwa maoni yangu, serikali ilipokea mgonjwa, ingawa nayo haikumtibu.

Safari hii manamba wengi walikuwa wameshakuwa watu wa Tanga, wakiwa na wake na watoto kambini. Korona ziliponyamaza, hawakuwa na kwingine pa kwenda. Wakalima mahindi kwenye mashamba yaliyogeuka mapori, kwenye ardhi isiyo yao.

Ukisoma leo kwamba uzalishaji wa mkonge umepanda, usiishie kwenye tani. Uliza wakataji wangapi wana mkataba, na mshahara wao unatoka lini.