Kocha, Leseni Unayo: Nani Atakutaja Nafasi Ikitokea?

Ligi Kuu Bara ina timu 16. Kwa hiyo viti vya kocha mkuu ni 16 tu, na baadhi vimekaliwa na wageni. Championship nayo ina timu 16. Chini ya hapo kuna First League, ligi za mikoa, akademi, shule na timu za mtaani, na huko ndiko makocha wengi wanakohangaika.

Sasa chukulia timu imefungwa mechi nne mfululizo, kocha ametimuliwa Jumapili usiku na Jumatano kuna mechi. Hakuna kiongozi atakayetangaza nafasi halafu akae kusubiri barua za maombi. Katibu anashika simu, anampigia mtu anayemwamini: "Unamjua kocha yeyote yupo huru?" Jina litakalotajwa hapo ndilo litakaloitwa kwenye kikao. Kama anayeulizwa hakujui, CV yako hata iwe nzuri vipi itabaki kwenye simu yako.

Wengi wakisikia habari ya kujuana wanafikiria kujikomba kwa viongozi. Lakini viongozi wa klabu hubadilika kila uchaguzi, na wengi wao hawajawahi kukuona ukifundisha. Wanaoweza kukusemea vizuri ni waliofanya kazi na wewe: kocha msaidizi, kocha wa makipa, daktari wa timu, meneja wa timu, hata mchezaji uliyemfundisha akiwa kijana.

Mfano wa Kaze na Nabi

Cedric Kaze, raia wa Burundi, alianza kuwa kocha mkuu wa Yanga Oktoba 2020. Machi 2021 akaachishwa kazi, na nafasi yake akapewa Nasreddine Nabi wa Tunisia. Mwaka huohuo Kaze akarudi Jangwani, safari hii akiwa msaidizi wa Nabi.

Hebu jiulize kama wewe ungekubali. Wachezaji walewale waliokuita bosi sasa wanakuona umekaa kiti cha pili. Makocha wengi wangekataa, na wasingelaumiwa.

Wawili hao walitwaa ubingwa wa Bara misimu miwili mfululizo, 2021/22 na 2022/23, na mwaka 2023 wakaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Kisha kila mtu akashika njia yake: Nabi akaenda Morocco, Kaze akaenda Namungo. Nabi alipokuwa Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, Kaze akaungana naye tena kwenye benchi. Nabi alipoondoka Septemba 2025, timu wakaachiwa Kaze na Khalil Ben Youssef. Yote hayo yalianzia kwenye kiti cha pili Jangwani.

Karatasi nayo iwepo

Septemba 2022 Simba waliachana na Zoran Maki wakiwa wanakaribia kuanza mashindano ya Afrika. Siku chache baadaye Juma Mgunda alikuwa kwenye benchi lao, akitokea Coastal Union ya Tanga. Akashinda mechi ya kwanza ugenini Malawi dhidi ya Nyasa Big Bullets, na baadaye akaiingiza timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mgunda alikuwa na leseni A ya CAF. Nafasi za namna hii huja ghafla. Ukipigiwa simu na leseni yako ni ya ngazi ya chini, hata rafiki yako akiwa mwenyekiti hawezi kukusaidia.

Ngazi za CAF zinaanzia D, C, B hadi A, na juu kabisa kuna Pro. Kozi hizi ndizo kijiwe kikubwa cha makocha nchini. Mnakaa pamoja siku nyingi, mnafundishana uwanjani, mnakosoana. Halafu kozi ikiisha grupu la WhatsApp linageuka kuwa la "asubuhi njema" na matangazo ya viwanja (hapa simaanishi viwanja vya mpira). Usitegemee grupu. Chagua watu watatu au wanne ambao kazi yao uliipenda, na uwe unawasiliana nao mmoja mmoja.

Mtaongea nini? Mpira. Mtumie mazoezi uliyofanya wiki hii na umuulize yeye angebadilisha nini. Akipoteza mechi, mpigie. Wakati huo simu yake inakuwa kimya sana. Kitu kinachofungua milango haraka zaidi ni taarifa za wachezaji. Ukimwambia mwenzako, "Nina beki wa kushoto wa miaka 18, kwangu hapati namba, njoo umwangalie," umemsaidia kocha na kijana kwa pamoja. Ila sema ukweli. Ukimsifia mchezaji mbovu mara moja tu, mara ya pili hawatapokea.

Usidharau mchangani

Mechi za ndondo, UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari ni sehemu ambazo walimu, maskauti na makocha wa klabu wanakutana bila itifaki. Mwalimu wa michezo wa wilaya anajua vijana ambao hakuna klabu imewaona. Nenda hata kama huna timu inayocheza. Kaa na makocha wengine, salimia wakubwa kwa heshima, uliza. Pia jiunge na chama cha makocha, TAFCA, kupitia mkoa wako; wenzako wakujue kwa sura, siyo kwa jina la Facebook tu.

Siku ya kuondoka

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kocha anatimuliwa asubuhi, jioni yuko redioni anataja wachezaji waliomhujumu. Msikilizaji mmojawapo ni katibu wa timu nyingine. Kama hujalipwa mshahara, dai kwa mkataba wako na upeleke shauri kwenye vyombo vya TFF. Hiyo ni haki yako na haikuharibii jina. Siri za vyumba vya kubadilishia nguo ziache hukohuko. Mwachie anayekuja ratiba ya mazoezi na orodha ya majeruhi. Msaidizi uliyemwacha anaona, na ndiye atakayeulizwa habari zako kesho.

Kwenye simu yako weka tayari picha ya leseni, CV ya ukurasa mmoja na video fupi ya mazoezi yako, isizidi dakika mbili. Ukiomba nafasi, ujumbe usiwe mrefu: "Shikamoo mwalimu. Ni mimi tuliyekuwa wote kozi ya C. Nimemaliza mkataba, natafuta kazi ya kocha msaidizi au timu ya vijana, mkoa wowote. Ukisikia sehemu naomba unitaje." Hapo amejua wewe ni nani na unataka nini.

Akitokea mtu anayetaka umtumie kwanza hela ya "kuunganishwa" na klabu, muombe namba ya katibu wa hiyo klabu uongee naye mwenyewe. Akianza kuzungukazunguka, kata simu.