Nani Mwenye Katriji Tupu? Historia ya Wino wa Printa za Nyumbani

Uchaguzi wa wino wa printa ya nyumbani, ambao leo huonekana kuwa suala la bei tu, ulikwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa na wahandisi wa miaka ya 1970 na 1980, na baada yao majaji wa nchi kadhaa. Hao ndio walioamua kichwa cha kuchapia, yaani sehemu inayorusha wino, kikae wapi, na ni nani mwenye haki juu ya katriji iliyokwisha wino. Katriji ni kile kikopo cha plastiki kinachobeba wino na kupachikwa ndani ya printa, na umbo lake dogo limebeba mambo mengi kuliko mnunuzi anavyodhani.

Wazo la kurusha wino hewani badala ya kuugandamiza karatasini lilitangulia kompyuta za nyumbani. Mwaka 1951 mhandisi Msweden Rune Elmqvist, ambaye baadaye alitengeneza kifaa cha kwanza cha kuongoza mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini mwa mgonjwa, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kwa chombo cha kupimia kilichoandika kwa mchirizi mwembamba wa wino. Mashine za namna hiyo zilikuwa za hospitali na viwanda. Njia ya kuufikisha wino nyumbani ilifunguka mwishoni mwa miaka ya 1970, pale watafiti wa Canon nchini Japani na wale wa Hewlett-Packard (HP) nchini Marekani walipogundua, kila upande kwa wakati wake, kwamba joto linaweza kufanya kazi ya pampu. Kwa upande wa Canon, inasimuliwa kwamba mwaka 1977 mtafiti Ichiro Endo aliona wino ukiruka kutoka katika sindano baada ya chuma cha moto cha kulehemu kuigusa.

Ufundi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Nyuma ya kila kitundu cha kichwa cha kuchapia kuna kipande kidogo mno cha kupasha joto, ambacho umeme ukipita hupata moto kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Wino unaokigusa hugeuka mvuke, povu hutuna na kusukuma tone nje, kisha povu linapozama wino mwingine huvutwa kujaza nafasi. Tendo hilo hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara povu linapozama huchakaza kile kipande, huku masalia ya wino uliopashwa moto yakigandia juu yake. Wahandisi wa Hewlett-Packard hawakuhangaika kutengeneza kichwa kitakachodumu miaka mingi. Waliamua kitupwe pamoja na kopo lake wino unapokwisha, na ndivyo ilivyokuwa printa yao ya ThinkJet ya mwaka 1984, yenye vitundu 12 tu na bei ya dola 495. Uamuzi huo, uliokuwa jibu la tatizo la uchakavu, ndio uliozaa bidhaa ya kununuliwa tena na tena, na taathira yake ilikua zaidi baada ya printa za DeskJet kuanza kuuzwa mwaka 1988.

Kampuni ya Epson ilishika njia nyingine. Katika printa zake za Stylus, kuanzia ile ya Stylus 800 ya mwaka 1993, tone halisukumwi kwa joto bali kwa kipande cha piezo, yaani aina ya kauri inayojikunja inapopitishwa umeme. Kwa kuwa hakuna kinachochemka, kichwa huweza kudumu, nacho hufungwa moja kwa moja ndani ya mashine, na kinachobadilishwa ni kopo la wino peke yake. Hapa ndipo asili ya tofauti ambayo mnunuzi wa leo hukutana nayo bila kuelezwa: mwenye printa ambayo kichwa chake kimo katika katriji hulipa zaidi kwa kila katriji, lakini vitundu vikiziba hupata vipya papo hapo, ilhali mwenye printa ya kichwa cha kudumu hununua kopo la kawaida, ila wino ukikauka hulazimika kuendesha usafishaji ambao nao hula wino.

Kopo la kawaida la plastiki lilikuwa na udhaifu kwa mtengenezaji, kwani kiwanda chochote kingeweza kuliiga. Katika miaka ya 1990 bei za printa zilishuka sana na faida ikahamia kwenye wino, na wakati huohuo vifurushi vya bomba la sindano na chupa ya wino wa kujazia vikaenea. Jibu lilikuwa chipu iliyobandikwa juu ya katriji. Ieleweke kwamba kwa kawaida chipu haipimi wino uliomo. Huhifadhi makadirio ya matone yaliyokwisha kurushwa, na hesabu ikitimia printa hutangaza kuwa wino umekwisha hata kama umebaki kidogo. Ipo sababu ya kiufundi, kwa maana hewa ikiingia katika kichwa cha piezo huvuruga uchapaji, lakini chombo hichohicho cha kulinda kichwa kiliweza pia kumkataa mtengenezaji mwingine.

Mgogoro ukafika mahakamani. Nchini Japani, Canon iliishtaki kampuni ya Recycle Assist, iliyokuwa ikiingiza nchini katriji za Canon zilizojazwa upya. Katriji hizo zilitobolewa juu, zikaoshwa ndani, zikajazwa wino na kuzibwa. Hataza ya Canon ilihusu sponji mbili zilizobanwa pamoja, ambazo mpaka wake ukilowa wino huzuia hewa kupita na wino kuvuja; wino ukikauka hapo kinga hiyo hupotea, na kuosha huirudisha. Mwezi Novemba 2007 Mahakama ya Juu ya Japani iliipa Canon ushindi, kwa hoja kwamba kilichofanyika kilikuwa sawa na kutengeneza bidhaa mpya. Miaka kumi baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilielekea kwingine. Kampuni ya Lexmark iliuza kwa punguzo katriji za tona, ambayo ni wino wa unga wa printa za leza, kwa sharti kwamba zitumike mara moja tu. Kampuni nyingine, Impression Products, ikazinunua zikiwa zimekwisha kujazwa upya na kuziuza. Uamuzi wa mwaka 2017 ulisema kwamba mwenye hataza akishauza kitu, ndani au nje ya nchi, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekoma. Kati ya hukumu hizo mbili, ya Marekani ndiyo yenye haki zaidi, maana mtu aliyelipia chombo hawezi kuitwa mwenye chombo ilhali hana ruhusa ya kukijaza.

Hukumu, hata hivyo, haifungui chipu. Mwezi Septemba 2016 wamiliki wengi wa printa za HP walikuta katriji mbadala zilizokuwa zikifanya kazi zimekataliwa ghafla, kutokana na programu iliyokwisha kuwekwa ndani ya printa. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kampuni iliomba radhi kwa kutowapa wateja taarifa ya kutosha, ikatoa programu ya hiari ya kuondoa kizuizi hicho katika baadhi ya printa.

Mageuzi mengine yalianzia Indonesia, ambako mafundi walikuwa wameshazoea kutoboa printa na kuziunganisha kwa mirija na chupa za wino zilizowekwa kando. Badala ya kuendelea kupigana na desturi hiyo, Epson mwaka 2010 ilianza kuuza nchini humo printa yenye matangi yanayojazwa kwa chupa. Mashine za aina hiyo ndizo zilizoenea katika maduka ya kutoa kopi ya Afrika Mashariki, ambako kurasa ni nyingi na faida ya kila ukurasa ni ndogo. Katika nyingi kati ya mashine hizo tangi halina chipu, hivyo mwenye duka huchagua wino mwenyewe. Jambo la kuangaliwa zaidi ni aina yake, kwani wino wa rangi iliyoyeyuka huzama katika nyuzi za karatasi na huchuruzika ukilowa, ilhali ule wa chembechembe hukaa juu na kustahimili maji, lakini huweza kuziba kichwa kisichotengenezwa kwa ajili yake. Kizuizi kimoja kimebaki katika nyingi kati yake: wino wa usafishaji hunywewa na sponji iliyo chini ya mashine, na hesabu ya sponji hiyo ikijaa printa hukataa kuchapa hadi fundi aibadilishe na kurudisha hesabu kwenye sifuri.