Kandambili kichwani

Fremu ya titani inayozunguka kichwa cha dereva wa Formula 1 ilipotokea, mashabiki waliangua kicheko: gari limevikwa kandambili! Dhihaka hiyo kwa Kiswahili ndiyo inakolea hasa, maana neno letu ni kanda mbili tu, na chombo chenyewe ni mikono miwili inayopita pembeni mwa kichwa na kukutana kwenye nguzo moja mbele ya macho.

Jina rasmi ni halo, duara la nuru linalochorwa vichwani mwa watakatifu. Kwetu halo ni ya simu. Mtangazaji akisema "halo imemwokoa Grosjean", asiyefuatilia mbio atadhani jamaa alipigiwa.

Na kweli ilimwokoa. Bahrain, Novemba 2020, gari la Romain Grosjean lilikatika vipande viwili, likatoboa kizuizi cha chuma na kuwaka moto. Alitoka na mikono iliyoungua, kichwa kizima. Naye awali alikuwa mpinzani wa halo. Kofia ngumu peke yake isingetosha, kama ambavyo haikutosha kwa dereva Henry Surtees, aliyeuawa na gurudumu lililochomoka huko Brands Hatch mwaka 2009. Halo, yenye kilo 7 hivi, ikawa lazima mwaka 2018.

Wahariri wa michezo, badala ya "halo" jaribuni neno "tao". Ni fupi, linaeleweka, na fundi yeyote wa nyumba analijua. Kandambili tuwaachie wanaotania.